Njia ya Ng'ombe Katikati ya Mikungu

Mjomba wangu Enos alikuwa mkaidi, na nasema hivyo kwa mapenzi, maana ukaidi huo nami nimeurithi. Akishika neno haliachi. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana kwa kusukuma mtumbwi kwa upondo tangu utotoni, na mikono yake ilinuka udongo hata Jumapili kanisani. Miaka kumi na mmoja alitunza bustani ya misheni kule Ngao. Huko walimfundisha kupanda kwa kamba iliyonyooshwa, mstari baada ya mstari, naye akaamini kabisa kwamba hata Edeni Mungu aliipanda kwa kamba.

Mwaka wa hamsini na moja mkewe, Lois, alishikwa na homa. Alikuwa amekuja kulima shamba la mama yake karibu na Garsen, nami nilikuwa naye, msichana wa miaka kumi. Mjomba akaja mbio kutoka Ngao, tukambeba kwa machela mpaka kivukoni ili tumteremshe hospitalini kwa mtumbwi. Lakini mto ulikuwa umefura. Mvua ilinyesha huko juu, bara. Kwetu sisi lilikuwa jua la kupasua kichwa na maji mekundu yanayobeba magogo mazima mazima. Mwenye mtumbwi akasema, "Ngojeni kidogo, yatatulia saa hii." Saa hii, saa hii, tukangoja siku mbili.

Maduka yalikuwa mbali kidogo, na tuliogopa kuondoka tusije tukaachwa. Pale kivukoni hapakuwa na mti hata mmoja. Yote ilikwisha kukatwa, mingine kwa mbao za pantoni, mingine kwa kuni za chai. Tukashika leso juu ya mgonjwa, watu wanne, kila mmoja na pembe yake. Pembe moja niliishika mimi, na mikono yangu ilipochoka jua lilimpiga usoni, naye akafumba macho bila kulalamika. Siku ya pili alasiri akasema, "Enos, hata kivuli kidogo hakuna?" Hakusema tena. Nililia mpaka sauti ikakauka, na mpaka leo huwa najiuliza kama ningeweza kuinyanyua ile leso juu zaidi.

Baada ya matanga mjomba akarudi Ngao, lakini mwanzo wa mvua za mwaka wa hamsini na tatu akaacha kazi. Akaja Garsen akaandikwa kuvuta kamba ya pantoni, kazi ya watu wenye kifua. Watu wakamshangaa: mtu wa maua, anavuta kamba? Yeye kila pantoni ilipokuwa ng'ambo alikuwa akitembea kwenye kile kiwanja kati ya kivuko na maduka, anapima kwa hatua, anasimama, anapima tena.

Nasema maduka, nanyi msifikirie mji wa maana. Garsen ya siku zile ilikuwa maduka saba, kituo cha askari, kambi ya watu wa barabara na vumbi. Hata hivyo kila mtu alipita hapo. Wapokomo sisi tulileta ndizi na mchele, Waorma wakaleta maziwa na samli, na malori ya Malindi na ya Lamu yakasubiri zamu. Kile kiwanja ndicho kilichokuwa sebule ya mji, ila sebule isiyo na paa.

Mwisho wa masika yale Bwana Shauri, mzungu wa serikali, akaja na kukawa na baraza. Mjomba akasimama, kofia mkononi, akaomba kiwanja kile kiwe bustani ya watu wote. Bwana Shauri akapendezwa, akatoa karatasi, akachora mistari, na mjomba akafurahi kuona mistari. Watu husema penye wazee hapaharibiki neno. Siku ile wazee walikuwa tele, wa kwetu wa gasa, lile baraza la Wapokomo, chifu, wenye maduka, wote wakatikisa kichwa kukubali. Sisi watoto tuliambiwa tukae mbali tusilete kelele.

Pembeni yangu alisimama msichana wa Kiorma, Qabale, binti wa Galma, kama miaka kumi na mitatu, na kibuyu cha maziwa mgongoni. Alikuwa akija kuuza kila siku. Akasogea mbele, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota, kama kilivyokuwa chetu sote, "Baba, hapa si mahali wazi. Hapa njia."

Mjomba akageuka. "Binti, barazani watoto hawasemi."

Qabale akarudi nyuma. Mimi nilimsikia vizuri, na nilikuwa mpwa wa mwenye maneno, nami sikufungua mdomo.

Nieleze kosa lenyewe, maana ni kosa la sisi watu wa mtoni. Masika ng'ombe wa Waorma huwa hawapo, isipokuwa wachache wa maziwa wanaobaki nyumbani. Wamekwenda mbali nyikani, kwenye majani mapya na maji ya mvua. Kiangazi ndipo hurudi mtoni kunywa, kwa njia zao wanazoziita malka. Na mto wetu hauna adabu, kila mafuriko unakula ukingo huu na kujenga ule. Malka ya zamani ilikuwa chini kidogo ya mji, ikaporomoka, na kiangazi cha kabla ya baraza ng'ombe walikuwa wamehamia kiwanja kile. Mjomba wakati huo alikuwa bado na maua yake Ngao. Alipokuja akakuta majani ya kufika magotini. Kwa mkulima, ardhi isiyo na alama ya jembe wala mwenyewe ni ardhi iliyolala. Na wazee wa Kiorma ambao wangemwambia walikuwa nyikani na mifugo yao, hawakuwapo barazani, na wenye maduka walidhani ng'ombe walipita pale mwaka ule mmoja tu.

Akapanda. Alileta miche kutoka Ngao kwa mtumbwi, mikungu ile ya kivuli yenye majani mapana yanayokuwa mekundu kabla ya kuanguka. Akanyoosha kamba yake. Mche wa kwanza aliupanda mahali palepale alipolala Lois, kisha akahesabu mistari kutoka hapo. Akazungushia kiwanja chote boma la miiba. Miezi saba alichota maji peke yake, na watoto tukipita karibu anatufukuza. "Tokeni! Mikono yenu haina kazi ila kuvunja!" Godhana, mvulana wa kwetu mwenye maneno mengi, akasema ile ni bustani ya watu wote isipokuwa watu.

Kiangazi kikafika, ng'ombe wakafika. Jamani, ng'ombe aliyetembea siku tatu bila maji, akanusa mto, humwambii kitu kuhusu boma la miiba. Walikuja kama ilivyo desturi yao, Dadacha kaka yake Qabale mbele yao na fimbo, anajaribu kuwazuia, na vumbi lilipotulia miche ilikuwa imelala chini. Mjomba akatoka pantoni amejaa hasira. Hakuuliza. Alimchapa Dadacha kwa kamba iliyokuwa mkononi mwake, mbele ya watu, mvulana wa miaka kumi na mitano aliyekuwa akilia tayari kwa kuchoka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Ikakaribia kuwa vita. Wazee wakaingia kati, na mjomba akaomba radhi, lakini kwa mdomo tu. Moyoni alisema hawa vijana wamefanya makusudi. Bwana Shauri akarudi, akatazama miche iliyovunjika, akasema hana wakati wa kuchezea. Kuna mtu anataka kiwanja kile kujenga ghala la pamba. Kiangazi kijacho atarudi. Akikuta miti imesimama, bustani ni yao daima. Asipoikuta, ghala litajengwa. Basi, hapo ndipo tulipofika: ama kivuli, ama ukuta wa mabati pale pale Lois alipokata roho.

Mche mmoja tu ulikuwa umepona, ule wa kwanza, kwa kuwa mjomba aliuwekea boma lake peke yake. Akaagiza miche mingine. Akawa anazungusha miiba tena, safari hii mara mbili, na misumari ya barabarani aliyookota kambini. Nilikuwa nampelekea chakula. Ndipo Qabale akaja na maziwa yake, akasimama nje ya boma.

"Baba Enos," akasema, "ukiweka mara kumi, watapita mara kumi. Nilisema siku ile."

"Siku gani?"

"Siku ya baraza. Nilisema hapa njia. Ulisema watoto hawasemi."

Mjomba akaniangalia. "Alisema?"

"Alisema, mjomba," nikajibu. "Nilimsikia."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ulituambia tukae mbali tusilete kelele."

Lo! Nilidhani nitapigwa. Mjomba akakaa chini, miiba mkononi, hata hakuona kwamba imemchoma. Wazee hupenda kutuimbia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo je, asiyelisikia huvunjika nini? Mjomba alivunjika miche, na heshima yake pia. Kisha akamwambia Qabale, "Kamwite kaka yako. Mwambie sina kamba leo."

Dadacha hakuja siku hiyo, wala ya pili. Nani angekuja? Siku ya tatu mjomba akaenda mwenyewe mpaka manyatta yao, akamwomba radhi mbele ya baba yake na ng'ombe wake, akanywa maziwa aliyopewa. Kesho yake tulikuwa wanne kiwanjani: Qabale, Dadacha, Godhana na mimi. Mjomba akavunja fimbo vipande vinne akatugawia. "Choreni," akasema. "Bwana Shauri alichora na mimi nikachora, mmeona yaliyotokea. Mkishapanga, sibadilishi. Mimi ni mikono tu."

Godhana akadhani ni mzaha, akachora uwanja wa mpira. Mjomba hakucheka. "Haya, uweke upande gani?" Hapo tukaelewa kwamba mtu huyu amekusudia, na tukaanza kubishana sawasawa. Mimi nilitaka kivuli cha kwanza kiwe karibu na pantoni kwa wenye kungoja na wenye ndizi. Dadacha akasema tusisogee sana ukingoni, mafuriko yajayo yatakula hatua ishirini, naye akaonyesha nyufa ambazo hakuna mkubwa aliyeziona. Mjomba akajaribu kunyoosha kamba, roho ilimuuma. Godhana akamwuliza, "Mzee, watu wakikaa kivulini huwa wanapanga mstari?" Mjomba akaikunja kamba akaitia mfukoni.

Kisha njia. Qabale alisema haichorwi na mtu, inachorwa na ng'ombe. Dadacha akamleta ng'ombe mmoja mwekundu, mzee, ambaye ndiye huongoza wenzake, siku hiyo alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu ya ndama. Akamnyima maji tangu asubuhi, akampeleka mwisho wa kiwanja, akamwachilia. Ng'ombe akaenda zake taratibu kuelekea mtoni, na sisi nyuma yake tunachomeka vijiti, kulia na kushoto, upana wa ng'ombe sita bega kwa bega. Tulipomaliza tukarudi kutazama. Njia ilipita vizuri katikati ya kiwanja, ikaacha nafasi kubwa pande zote mbili. Na katikati ya njia yenyewe, ndani ya boma lake dogo, ulisimama mkungu wa Lois.

Wenzangu hawakujua. Dadacha akaugusa kwa fimbo, akasema, "Huu utoke. Ng'ombe wakikuta kitu katikati watagawanyika, wataingia kwenye miti yote."

Nikafungua mdomo. Mjomba akanitazama jicho moja tu, nikaufunga.

"Mmepanga nyinyi," akasema. "Utatoka."

Alfajiri nilipokwenda kuchota maji nilimkuta amepiga magoti. Alikuwa ameuchimbua mche mzima, mizizi imetawanyika, na anajaza shimo kwa mikono. Nikamwambia kwa hasira, maana mimi nina hasira, "Mjomba, si uwaambie tu? Wangeuacha!"

"Ndiyo maana siwaambii," akasema. "Wangeuacha, na bustani ingekufa." Akashindilia udongo kwa kiganja. "Lois aliomba kivuli, mpwa wangu. Hakuomba mti."

Tulijaribu kuupanda mche ule pembeni, ukanyauka baada ya wiki mbili. Siku hizo mjomba hakula vizuri.

Mimi sikuweza kuvumilia. Nilimwambia Qabale. Akaweka kibuyu chini, machozi yakamtoka. Kisha akauliza, "Alilala wapi hasa? Kichwa wapi, miguu wapi?" Nikamwonyesha. Akachukua miche miwili iliyokuwa minene kuliko yote, akaupanda mmoja ukingoni mwa njia upande huu, na mwingine upande wa pili, ikitazamana mahali pale. "Huu wangu," akasema, "na ule wako. Usiache ufe." Tangu hapo kila kijana akachukua miti yake, wakaja na wengine, wa kwetu na wa kwao. Masika, Waorma wakiwa nyikani, sisi tulipalilia na kuinua miche iliyolazwa na maji. Kiangazi tulichota maji, nao walisimamia ng'ombe wao. Mti ukikauka mwenyewe alitaniwa mji mzima, "Fulani ameua!" Godhana alitaniwa mara mbili.

Kiangazi cha hukumu kikafika. Hatukulala vizuri. Asubuhi moja tukaona vumbi, nasi tukajipanga pande zote za njia, vijana kama ishirini, matawi mkononi. Mjomba alisimama karibu na pantoni, ameshika kamba kwa nguvu ingawa pantoni ilikuwa imefungwa. Yule ng'ombe mwekundu akaja mbele. Akafika mwanzo wa njia, akanusa. Hakutazama mti hata mmoja. Akashuka moja kwa moja majini, na wengine wote nyuma yake, mamia kwa mamia, pembe zinagongana, mpaka ardhi ikatetemeka chini ya miguu yetu. Ndama mmoja tu ndiye aliyechepuka, akala majani matatu ya mti wangu, nikampiga konzi puani. Vumbi lilipotulia mikungu ilikuwa imesimama, na Dadacha alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

Wiki ile ile Bwana Shauri akaja na karatasi yake. Akatembea, akakunja uso. "Enos, hii si ramani yangu. Mbona umepitisha ng'ombe katikati ya bustani?"

Wazee walikuwa wamekaa. Mjomba akavua kofia, akageuka nyuma. "Qabale, njoo. Sema."

Akaja na kibuyu chake mgongoni. "Bwana, sisi hapana pitisha ng'ombe katikati ya bustani," akasema. "Sisi weka bustani kando ya ng'ombe." Bwana Shauri akatazama karatasi, akatazama miti, akatazama wanawake waliokuwa tayari wamekaa na maziwa na ndizi kwenye kivuli chembamba cha miche. Akakunja karatasi. Ghala la pamba likajengwa nyuma ya maduka.

Mnaweza kudhani mjomba alifurahi sana. Alifurahi, lakini kwa nusu. Kila aliposubiri pantoni nilimwona akisimama katikati ya ile njia tupu, jua kichwani, anatazama chini. Nilijua anapatazama nini, na roho iliniuma. Bustani nzima imepata kivuli isipokuwa pale.

Miaka ikaenda. Qabale akaolewa, akaniachia mti wake niutunze pamoja na wangu. Mkungu hautandazi matawi juu kwanza, hutandaza ubavuni, tabaka juu ya tabaka. Kiangazi cha mwaka wa hamsini na tisa, saa sita mchana, nilikuwa nauza ndizi nikasikia mjomba ananiita. Alikuwa katikati ya njia, mahali pake pale pale.

"Njoo usimame hapa," akasema.

Nikaenda, nikasimama pale nilipowahi kushika pembe ya leso. Nikatazama miguu yangu, kisha nikatazama juu. Tawi la mti wangu na tawi la mti wa Qabale yalikuwa yamekutana juu ya vichwa vyetu. Jua halikutufikia.

Kwa mbali Dadacha, sasa mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa anakuja na ng'ombe wenye kiu, anapiga kelele, "Mzee Enos! Toka njiani, watakukanyaga!"

Mjomba alikuwa amefumba macho. "Mwambie angoje," akaniambia. "Mwambie Lois anapumzika kidogo."

Nikakimbia kumwambia, nami nalia. Dadacha hakuuliza Lois ni nani, alikwisha kuambiwa na dada yake zamani. Akamshika pembe ng'ombe wa mbele, akakaza miguu, akawazuia kadiri alivyoweza.